Sauti ya Nani? Sarufi ya Kiingereza na Usomaji wa Riwaya katika Shule zetu za Sekondari

Makala haya yanakusudia kueleza jambo moja la sarufi ya Kiingereza ambalo limewaponza wanafunzi wetu wengi, si katika maswali ya sarufi, bali katika usomaji wa riwaya. Kwa umbo jambo lenyewe ni dogo. Ni namna Kiingereza kinavyobadilisha njeo ya kitenzi pale maneno au mawazo ya mtu yanapotolewa kinywani mwake na kutiwa kinywani mwa msimulizi. Mwanafunzi hufundishwa kanuni hiyo mapema, akaizoea, akajipatia alama zake. Lakini anapoikuta ndani ya riwaya haitambui, kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwamba kanuni ile ya somo la Jumatatu ndiyo hiyo hiyo inayofanya kazi katika kitabu anachokisoma Alhamisi.

Nianze na kisa. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikisahihisha insha za wanafunzi wa kidato cha tatu juu ya riwaya waliyokuwa wakiisoma darasani. Msichana mmoja, ambaye Kiingereza chake kilikuwa safi kuliko cha wenzake wote, aliandika kwamba mwandishi wa kitabu kile anawadharau wanawake, na kwamba yeye binafsi hakuona sababu ya kulazimishwa kukisoma. Akatoa ushahidi kwa kunakili kifungu. Kifungu chenyewe sitakinukuu hapa. Nitatunga kinachofanana nacho, ili tulione tatizo bila kumshitaki mwandishi yeyote:

"Joseph looked at the girls in the front row. They would all be married by Christmas. What was the use of teaching them?"

Mwanafunzi alizisoma sentensi hizi tatu kama kauli tatu za mtu mmoja. Hakuona alama za kunukuu. Hakuona neno "said" wala neno "thought". Basi akahukumu kama alivyozoezwa kuhukumu: yaliyomo ndani ya alama za kunukuu ni ya mhusika, na yaliyo nje yake ni ya mwandishi. Kumbe ni sentensi ya kwanza tu iliyo ya msimulizi. Mbili zilizosalia ni mawazo ya Joseph, nayo yamo humo ili tumjue Joseph alivyo. Riwaya ile iliandikwa kuwashutumu watu wa aina yake. Kwa ufupi, msichana yule alikikasirikia kitabu kilichokuwa upande wake.

Nilimkata alama, nikaandika pembeni kwamba hakuelewa. Sasa ninaona kwamba aliyestahili kuandikiwa maneno hayo ni mimi, maana ndimi niliyekuwa nimemfundisha sarufi mwaka uliotangulia.

Yafaa kwanza tutazame kwa haraka jinsi masomo haya mawili yalivyotengana. Sarufi ya Kiingereza iliyoletwa katika shule za Afrika Mashariki ilikuwa tayari na historia ndefu. Vitabu kama kile cha Robert Lowth cha mwaka 1762, na kile cha Lindley Murray cha 1795 kilichotawala shule za Uingereza na Marekani kwa miongo mingi, vilikuwa vimeiga utaratibu wa sarufi ya Kilatini. Mwanafunzi alipewa sentensi, akataja neno moja moja: hili ni jina, hili ni kitenzi, hili ni kivumishi. Katika miaka ya 1960, hasa baada ya Tume ya Ominde ya 1964 kupendekeza Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza, mkazo ulihamia kwenye vielelezo vya sentensi na mazoezi ya kurudiarudia. Njia ikabadilika, lakini sentensi ikabaki kuwa kitu cha kufanyiwa mazoezi, wala si kitu ambacho mtu fulani amemwambia mtu mwingine kwa sababu fulani.

Fasihi nayo ilikuwa na mjadala wake. Msomaji atakumbuka waraka wa tarehe 24 Oktoba 1968 ambao Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong waliuandika katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi, wakitaka Idara ya Kiingereza iondolewe na mahali pake pachukuliwe na idara itakayoiweka fasihi ya Afrika katikati. Mwaka 1974 walimu walikutana Nairobi kuizungumzia fasihi ya Kiafrika katika shule za sekondari. Mjadala huo ulikuwa wa lazima, nao ulizaa matunda. Watoto wetu wamewasoma Margaret Ogola, Francis Imbuga na Henry ole Kulet. Hata hivyo ulikuwa mjadala juu ya kitu gani kisomwe. Swali la namna sentensi ya Kiingereza inavyosomwa na mtu ambaye lugha yake ya kwanza si Kiingereza halikupata nafasi kubwa.

Mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa mwaka 1985, lugha ya Kiingereza na fasihi yake ziliunganishwa kuwa somo moja. Ungedhani tatizo lingetatuliwa hapo. Lakini tuitazame karatasi ya pili ya mtihani wa KCSE kama ilivyopangwa tangu katikati ya miaka ya 2000: swali la ufahamu lina alama 20, dondoo kutoka kitabu kilichoteuliwa 25, shairi au fasihi simulizi 20, na sarufi 15 mwishoni kabisa. Masomo mawili yamewekwa katika karatasi moja kama abiria wawili wasiojuana katika kiti kimoja cha basi. Mara nyingi maswali ya sarufi hujengwa juu ya sentensi zisizo na uhusiano wowote na kile kilichosomwa kurasa tatu nyuma. Na sasa mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa nchini katika madarasa ya chini mwaka 2019, umeifanya fasihi ya Kiingereza kuwa somo la kuchagua katika sekondari ya juu. Atakayechagua sayansi atajifunza Kiingereza bila somo la fasihi. Atakayechagua fasihi atafundishwa, pengine na mwalimu mwingine, riwaya bila sarufi. Ndiyo maana naona jambo hili lafaa kuzungumzwa sasa.

Turudi kwenye kanuni yenyewe. Katika Kiingereza, mtu akisema "I am tired", nasi tukataka kuyaripoti maneno yake, tutasema "He said that he was tired". Akisema "I will come tomorrow", tutasema "He said that he would come the next day". Mabadiliko ni ya namna tatu. Nafsi hubadilika, kutoka "I" hadi "he". Njeo hurudi nyuma hatua moja: "am" huwa "was", "will" huwa "would", "can" huwa "could". Maneno ya wakati na mahali nayo hugeuka, "tomorrow" ikawa "the next day" na "here" ikawa "there". Mwanafunzi hukariri orodha hii kama tulivyokariri sote.

Kiswahili hakifanyi hivyo. Mtu akisema, "Nimechoka," tutaripoti: "Alisema amechoka." Akisema, "Nitakuja kesho," tutaripoti: "Alisema atakuja kesho", au, ikiwa siku imekwisha pita, "Alisema atakuja siku ya pili yake." Nafsi imebadilika kutoka *ni-* hadi *a-*, maana anayesema sasa ni mwingine. Lakini njeo haikurudi nyuma. Imebaki pale pale alipokuwa amesimama msemaji wa kwanza. Wakati wa kusema kwake, kuja kulikuwa mbele, kwa hiyo tunakiacha kitenzi katika *-ta-*. Mtoto akiulizwa mama yake alisema nini, atajibu, "Alisema ataleta ndizi." Akijibu, "Alisema angeleta ndizi," tutajua mara moja kwamba ndizi hazikuja, na tutangoja kuelezwa sababu.

Hapa naomba ruhusa niingize lalamiko. Baadhi ya vitabu vyetu vya Kiswahili vya kiada vinafundisha kwamba katika usemi wa taarifa *-ta-* sharti igeuke *-nge-*: "Nitakuja kesho" iwe "Alisema kwamba angekuja siku ambayo ingefuata." Watoto wanaosema kwa ufasaha "Alisema atakuja" wamekatwa alama kwa kosa ambalo si kosa. Kanuni hiyo haikutoka katika usemi wa Waswahili wa Lamu, Mombasa wala Unguja. Ni kanuni ya Kiingereza iliyovishwa kanzu. Ubaya wake si kwamba inakiharibu Kiswahili tu. Inamnyang'anya mwanafunzi kioo ambacho angekitumia kukiona Kiingereza vizuri, maana kioo chenyewe kimepakwa rangi ya kitu kinachotazamwa.

Asili ya kosa hilo ni neno "would". Mwanafunzi wetu hulikuta kwanza katika sentensi za masharti, kama vile "If I had money, I would buy a bicycle", ambayo kwa Kiswahili ni "Ningekuwa na fedha ningenunua baiskeli." Tangu siku hiyo, kichwani mwake "would" ni *-nge-*. Lakini neno hilo lina kazi nyingine mbili, na Kiswahili huzigawa kwa viungo tofauti kabisa. Lina kazi ya kutaja mazoea ya zamani: "Every evening the old man would sit under the mango tree." Hapa hakuna sharti lolote, Kiswahili husema, "Kila jioni mzee alikuwa akikaa chini ya mwembe," au tukisimulia, "Kila jioni mzee hukaa chini ya mwembe." Kisha lina kazi ya kutaja jambo lililokuwa mbele ya mtu wa zamani, yaani "will" iliyorudishwa nyuma, na hapo Kiswahili hutumia *-ta-*. Neno moja la Kiingereza, basi, linagawanyika katika Kiswahili kuwa *-nge-*, *hu-* au *-ki-*, na *-ta-*. Mwanafunzi anayejua Kiswahili tayari anazo tofauti hizi tatu akilini mwake. Kilichokosekana ni mtu wa kumwonyesha kwamba anazo.

Sasa tuitazame tena riwaya. Waandishi wa Kiingereza wana desturi ya kuyatoa mawazo ya mhusika bila kuyatangaza. Wanaacha "he thought that", wanabakiza kile ambacho kingefuata. Msimulizi na mhusika husema kwa kinywa kimoja. Ufundi huu si mpya. Jane Austen aliutumia kwa wingi katika Emma, riwaya iliyotoka mwishoni mwa mwaka 1815. Lakini haukuwa na jina lililokubalika. Mwaka 1912 Charles Bally, mwanaisimu wa Geneva, aliuchunguza katika Kifaransa na kuupa jina ambalo kwa Kiswahili twaweza kulifasiri kuwa usemi wa taarifa ulio huru: wa taarifa kwa sababu nafsi na njeo zimegeuzwa, na huru kwa sababu umefunguliwa kamba ya "alisema kwamba". Tuzingatie kwamba aliyeupa jina hakuwa mhakiki wa fasihi, bali mtu wa sarufi.

Kutoutambua usemi huo kumewahi kuwa jambo la mahakama. Gustave Flaubert alipoichapisha Madame Bovary katika jarida la Revue de Paris mwaka 1856, alishitakiwa mjini Paris kwa kuidhalilisha maadili ya umma na dini. Kesi ilisikilizwa mwanzoni mwa mwaka 1857. Mwendesha mashtaka, Ernest Pinard, alidai kwamba kitabu kinautukuza uzinzi. Miongoni mwa vifungu alivyovitegemea ni pale Emma Bovary, akiwa amekwisha kuwa na mpenzi, anajitazama kiooni na kufurahi kwamba hatimaye atazionja raha za mapenzi. Furaha ile ni ya Emma. Flaubert hakuiandikia "Emma aliwaza kwamba", wala hakutoa maoni yake mwenyewe. Hans Robert Jauss, mhakiki wa Kijerumani, aliirejea kesi hiyo katika hotuba yake ya 1967 na kuonyesha kwamba kosa la mshitaki lilikuwa hilo hasa: aliyachukua mawazo ya mhusika akayafanya hukumu ya mwandishi. Flaubert aliachiliwa tarehe 7 Februari 1857. Naikumbuka kesi hiyo kila nisomapo insha kama ya yule msichana, kwa kuwa Pinard alikuwa mwanasheria aliyekomaa, na Kifaransa kilikuwa lugha ya mama yake. Mwanafunzi wa kidato cha tatu asilaumiwe sana.

Swali basi ni hili: mwanafunzi atajuaje sauti ni ya nani? Katika Kiingereza nafsi ni ya msimulizi ("they", "he"), na njeo pia ni ya msimulizi ("would", "was"). Dalili zinazosalia za mhusika ni chache na zimejificha. Ya kwanza ni maneno ya wakati na mahali, ambayo hayageuki. Joseph anasema "by Christmas", yaani Krismasi hii inayokuja mbele yake, wala si "by the following Christmas". Katika usemi wa namna hii tunaweza kukuta hata "tomorrow" pamoja na kitenzi cha wakati uliopita, jambo ambalo mwalimu wa sarufi angelipiga mstari mwekundu. Ya pili ni maswali na mishangao. "What was the use of teaching them?" ni swali, na msimulizi asiyehusika hana sababu ya kuuliza. Ya tatu ni msamiati: maneno ya kiburi, ya mtaani au ya kitoto ambayo msimulizi hatumii kwingineko.

Hebu sasa tukifasiri kifungu kile kwa Kiswahili cha kawaida, tukiwa tumeitupa ile kanuni ya *-nge-*: "Joseph aliwatazama wasichana waliokaa safu ya mbele. Wote wataolewa kabla ya Krismasi. Kuna faida gani kuwafundisha?" Mara tu njeo inaporuka kutoka *ali-* hadi *-ta-*, msomaji wa Kiswahili anasikia kwamba mwingine ameshika usukani. Hahitaji alama za kunukuu. Tukitaka mfano unaoionyesha nafsi waziwazi, tuchukue huu: "Maria closed the door. Her uncle would come tomorrow. What would she tell him?" Kwa Kiswahili: "Maria akafunga mlango. Kesho mjomba wake atakuja. Atamwambia nini?" Nafsi ya *atamwambia* ni ya msimulizi, maana Maria mwenyewe angesema *nitamwambia*. Lakini njeo ni ya Maria. Kiswahili kimewagawia watu wawili sehemu mbili za kitenzi kimoja: kiambishi cha nafsi kimepewa msimulizi, na kiambishi cha njeo kimepewa mhusika. Kiingereza kimempa msimulizi vyote viwili na kumwachia mhusika neno "tomorrow" peke yake.

Naona hili ni jambo la kutufurahisha sisi tunaozichunguza lugha za Kiafrika. Tumezoea kuambiwa kwamba lugha ya kwanza ya mtoto humzuia kujifunza Kiingereza, na ni kweli kwamba wakati mwingine humchanganya. Hapa lakini Kiswahili kinaonyesha waziwazi kile ambacho Kiingereza kinaficha. Tujaribu kuandika "Kesho mjomba wake angekuja. Angemwambia nini?" na tuone kilichotokea. Mjomba amekwisha zuiliwa na jambo tusiloambiwa, na Maria anawaza juu ya mkutano ambao hautakuwapo. Hadithi imekuwa nyingine.

Zoezi hili laweza kupelekwa kwenye riwaya ambazo wanafunzi wetu wamezisoma. The River Between ya Ngũgĩ, iliyotoka mwaka 1965 na ambayo imewahi kuwa kitabu cha mtihani, imejaa maswali ya Waiyaki anayejiuliza juu ya wajibu wake kwa watu wake, maswali yaliyoandikwa katika nafsi ya tatu na wakati uliopita. Anayeyasoma kama maswali ya Ngũgĩ atasema kwamba mwandishi hana msimamo. Anayejua ni ya Waiyaki ataona kijana anayesitasita wakati wa kutenda ukipita, na huyo ndiye mhusika ambaye riwaya inatusimulia. Riwaya hiyo ilifasiriwa kwa Kiswahili kwa jina la Njia Panda. Mwalimu akiweza kupata vitabu vyote viwili, aviweke mezani sambamba, awaambie wanafunzi wachunguze mfasiri ametumia njeo gani katika maswali hayo, na kama wao wangetumia hiyo hiyo. Katika A Grain of Wheat ya 1967 kazi ni ngumu zaidi, kwa kuwa msimulizi huhama kutoka kwa Mugo kwenda kwa Gikonyo, Mumbi na Karanja, na mara nyingi kuhama huko kunajulikana kwa njeo na kwa maneno ya wakati kabla jina halijatajwa.

Viko viungo vingine kati ya sarufi na uchambuzi, ambavyo nitavigusa kwa ufupi tu. Kimoja ni kauli ya kutendwa. Mtihani hupenda kumwambia mtahiniwa aiandike sentensi upya akianza na yambwa, naye huigeuza kama mtu anayegeuza shati. Haulizwi kwa nini mwandishi angetaka kuigeuza. Kiswahili kina njia tatu: "alivunja sahani" inamtaja mtenda, "sahani ilivunjwa" inaashiria kwamba yupo ila hatajwi, na "sahani ilivunjika" inamwondoa kabisa. Kiingereza husema "the plate broke" kwa hiyo ya tatu, bila alama yoyote kwenye kitenzi. Kila mtoto aliyewahi kuulizwa, "Imevunjika yenyewe?" anajua tangu utotoni kwamba uchaguzi wa kauli ni uchaguzi wa kukubali au kukwepa lawama. Mpeni mtoto huyo hotuba ya mwanasiasa katika tamthilia, mwambieni atafute ni nani aliyefichwa katika vitenzi vyake, na ataandika uchambuzi kabla hajasikia neno "mtindo".

Kingine ni vile viarifu viwili vya jina, "a" na "the", ambavyo Kiswahili hakina. Riwaya inayoanza na "the man" badala ya "a man" inamfanya msomaji mwenyeji wa mahali asipopajua. Wasimulizi wetu hupata athari hiyo kwa kutanguliza *yule*: "yule mzee akasema" si sawa na "mzee mmoja akasema". Na katika ushairi, mwanafunzi aliyezoea kuhesabu mizani huhesabu silabi kumi za mshororo wa Kiingereza, akafurahi, asijue kwamba kinachohesabiwa huko ni mikazo. Lakini yeye yule anajua kwamba *barabara* ya kupita magari na *barabara* yenye maana ya sawasawa hutofautishwa na mkazo tu. Aanzie hapo, kisha apewe neno "record", ambalo ni jina au kitenzi kwa kadiri ya mahali mkazo ulipo.

Pamoja na hayo, nakiri kwamba mara nyingi uchambuzi katika shule zetu, wa Kiingereza na wa Kiswahili pia, umekuwa kazi ya kuhesabu. Mwanafunzi huorodhesha tashbihi tatu, istiara mbili, takriri moja, akatia nambari za kurasa, akamaliza. Sisemi majina hayo hayafai. Nasema kwamba majina hayo hayatamwambia ni nani anayeona wasichana watafika Krismasi wakiwa wameolewa.

Kwa mwalimu anayetaka kujaribu, njia niliyoitumia mimi ni nyepesi. Huchukua ukurasa mmoja wa riwaya inayosomwa na kuwaomba wanafunzi wapige mstari chini ya kila kitenzi. Hapo somo bado ni la sarufi, na hakuna anayelalamika. Kisha huwaambia wafasiri ukurasa huo kwa mdomo, haraka, kwa Kiswahili wanachokisema uwanjani, bila kuandika. Sharti iwe kwa mdomo, kwa sababu mkono ukishika kalamu unakumbuka kitabu cha kiada na kuandika *-nge-*. Mahali ambapo ulimi unaruka wenyewe kutoka *-li-* hadi *-ta-*, *-na-* au *-me-*, tunasimama na kuulizana: huyu aliyeingia ni nani? Zoezi lilipofanywa mara ya kwanza, mvulana aliyekaa nyuma, ambaye hakuwa na sifa yoyote katika Kiingereza, alisema, "Mwalimu, hapa mwenye kitabu amenyamaza, huyu sasa ni Joseph." Sijapata ufafanuzi ulio bora kuliko huo katika vitabu.

Yako mahali ambapo njia hii haisaidii, nayo yafaa yatajwe. Sentensi isiyo na kitenzi haina njeo. Mwandishi akiandika "Girls, nothing but girls" baada ya Joseph kutazama safu ya mbele, tafsiri yake "Wasichana watupu" haituambii lolote zaidi ya ile ya Kiingereza. Pia wako wasimulizi ambao kwa makusudi hufanana sana na wahusika wao hata msamiati usitenganishike, na hapo wanafunzi wawili waweza kubishana hadi kengele ilie, kila mmoja akiwa na ushahidi. Katika vipindi vya namna hiyo huwaacha wabishane, ila kila mmoja huonyesha kitenzi anachokitegemea.